Zege la uani: la chapa au la kokoto wazi?

Muulizaji, Malindi: Assalaam alaykum. Ninakusudia kumwaga zege uani na kwenye njia ya bombani, na fundi ananishawishi nichukue la kupigwa chapa, lifanane na mawe ya kuchonga. Je, litafaa mahali watoto wanapopita na miguu yenye maji?

Fundi wa Shela: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. La chapa hupendeza, lakini likishapakwa vanishi huteleza sana linapolowa. Njia ya bombani ningeiwekea kokoto wazi: zege likianza kukaza, huoshwa kwa maji na brashi mpaka vichwa vya kokoto vionekane, mguu ukapata pa kushika.

Mama wa uani: Mimi nililipiga fagio tu lingali bichi, mistari ikikata njia kwa upana. Gharama ilikuwa ndogo, na hajateleza mtu; alama pekee ni nyayo za jogoo aliyepita kabla halijakauka.

Fundi wa Shela: Rangi nyeusi iepukeni, kwani jua la huku litawachoma nyayo. Mchanga wa ufuoni pia ukataeni, kwa kuwa chumvi yake huozesha nondo. Kisha limwagilieni maji kwa siku 7.