Amana ya shilingi 5 kwa chupa, Bombolulu hadi Bamburi: tutajuaje chupa iliyolipiwa?

KikundiBamburi

Salaam aleikum nyote. Kikundi chetu kinapanga kuweka amana kwenye chupa za plastiki za maji na soda. Maduka 22 yamekubali, pamoja na vibanda 9 vya upande wa ufuo, kuanzia Bombolulu mpaka Bamburi Mtambo, hapa Mombasa. Kwa jumla vinauza kama chupa 4,000 za nusu lita kwa wiki. Mteja atalipa shilingi 5 juu ya bei, akirudisha chupa tupu anapewa 5 zake. Tuktuk itapita Jumatatu na Alhamisi kuzoa, kisha tuuze kwa kilo kwa mnunuzi wa Changamwe.

Tumekwama hapa: duka likipokea chupa yoyote ya PET (plastiki ya chupa za maji na soda), tutajuaje ni ile iliyolipiwa? Pesa za kuendeshea zitoke wapi? Na mnunuzi anasema atakata bei kwa sababu ya "uchafu", lakini hasemi uchafu gani.

MizaniSawa

Wa aleikum salaam. Swali la kwanza ndilo linaloua miradi hii, basi lijibuni kabla hamjachapisha hata bango moja.

Chupa ya nusu lita ina gramu 15 hivi. Za maji ni nyepesi zaidi, za soda ni nzito kidogo kwa sababu zinahimili gesi. Kwa hiyo kilo moja ni chupa 65 au karibu na hapo. Mkilipa shilingi 5 kila chupa, kilo hiyo imewagharimu zaidi ya 300, na hakuna yadi ya skrepu itakayoinunua kwa bei hiyo. Habari zikifika soko la Kongowea na jaa la Mwakirunge, magunia yataletwa kwa mikokoteni, na wenye magunia hawana kosa. Nyinyi ndio mliotangaza bei.

Chupa ya glasi ya soda haina tabu hii kwa kuwa kreti ya 24 hutoka na kurudi njia moja: holseli hatoi kreti iliyojaa bila kupewa tupu au pesa ya tupu. PET hununuliwa Nyali ikatupwa Mtwapa. Ujerumani, ambako amana ya chupa za kutumika mara moja ilianza 2003 na sasa ni senti 25 za euro, mashine husoma msimbopau na nembo ya amana, kisha huiponda chupa papo hapo ili isilipwe mara ya pili. Nyinyi hamna mashine, lakini kazi hizo mbili lazima mtu azifanye: kuitambua chupa na kuiua.

Kuitambua: stika yenye namba. Kikundi kiwauzie wenye maduka stika kwa shilingi 5 kila moja, kwa vipande vya 50, yaani 250. Hapo amana imeshaingia kwenu kabla chupa haijauzwa, na hamtamfuata mwenye duka kumdai mauzo ya wiki. Yeye hujirudishia kwa mteja. Stika iwe ya polipropilini, si karatasi, maana karatasi huyeyuka kwenye sanduku la barafu. Wala isiwe ya PVC, plastiki ya aina nyingine (atakayejibu kuhusu uchafu ataeleza). Iwe na mikato ya usalama, ili mtu akiibandua ichanike vipande vipande asiweze kuihamishia chupa nyingine. Ibandikwe kwenye bega la chupa, mbali na tarehe ya mwisho wa matumizi. Msiibandike kifunikoni, kwani vifuniko hubadilishwa. Na ibandikwe chupa ikiwa kavu, kabla ya kuingia kwenye friji. Kwa unyevu wa hapa chupa ikitoka baridi hutoa jasho mara moja, na gundi haishiki.

Kuiua: ikipokelewa, toboa katikati ya stika kwa msumari wa inchi 4 uliotiwa mpini, upite mpaka ndani ya chupa. Tundu lile linafuta stika, linatoa hewa ili chupa ikanyagike, na linazuia mtu kuijaza maji ya bomba akaiuza kama mpya. Pia chupa iliyotobolewa ikakanyagwa haiweki maji mengi. Lundo la chupa zima nyuma ya duka wakati wa masika ni kitalu cha mbu wa Aedes, na mji huu uliipata chikungunya 2017 hadi 2018.

HesabuZaPwani

Nyongeza upande wa pesa. Nitatumia 4,000 zako na bei za mfano tu, nawe weka za kwako: kilo shilingi 20, kuchapisha stika moja senti 60, kamisheni ya duka thumni (senti 50) kwa kila chupa iliyorudi.

Zikirudi 70 kwa 100, ni chupa 2,800. Amana zilizobaki kwenu ni za chupa 1,200, yaani 6,000. Mzigo ni kilo 42, sawa na 840. Jumla 6,840. Toa stika 2,400 na kamisheni 1,400, mnabaki na 3,040 za kulipia tuktuk na mtu wa kuhesabu.

Sasa zirudi 90 kwa 100, yaani mradi umefana. Amana zilizobaki ni 2,000 tu. Mzigo kilo 54, yaani 1,080. Stika ziko pale pale 2,400, kamisheni imepanda 1,800. Mko chini kwa 1,120 na tuktuk haijatiwa mafuta.

Umeona mtego? Anayeishi kwa amana zisizodaiwa huombea watu wasirudishe chupa. Kuna njia mbili za kutoka. Mteja alipe 6 arudishiwe 5, ile moja isirudi: 4,000 kwa wiki, inayojulikana tangu mwanzo. Au gharama hiyo ibebwe na mwenye kuzalisha kinywaji. Sheria ya taka ya 2022 na kanuni za wajibu wa mzalishaji za 2024 zinaelekea huko, na PETCO, shirika la urejelezaji wa PET, iko nchini tangu 2018 kwa ajili ya chupa hizi hizi. Waandikieni mkiwa na takwimu zenu za miezi mitatu.

Amana zikae kwenye akaunti yake peke yake, zisikopwe hata kwa siku mbili. Kila wiki andikeni namba tatu: stika zilizouzwa, stika zilizotobolewa, tofauti yake. Tofauti hiyo mara 5 ndiyo pesa ambayo lazima ionekane benki, mpaka mtangaze tarehe ya kufunga na ipite. Chupa hukaa chini ya kitanda miezi minne halafu zikaja zote siku moja kabla ya Idi.

Kuhusu dala yenyewe, zile shilingi 5 za amana: isishuke. Oregon, Marekani, ilipitisha sheria ya amana ya senti 5 mwaka 1971. Bei za vitu zikapanda, senti zikabaki zile zile, watu wakaacha kurudisha. Mwaka 2017 wakaipandisha hadi senti 10, na marejesho yakapanda tena kupita 80 kwa 100.

FundiRobota

"Uchafu" wa mnunuzi ni vitu vinne au vitano, na kila kimoja kina sababu.

Kikubwa ni PVC. Kiwandani PET husagwa chenga, ikatiwa majini: PET huzama kwa sababu ni nzito kuliko maji, vifuniko vya HDPE (plastiki nyingine, nyepesi) na lebo za polipropilini huelea, vikaenguliwa. PVC huzama pamoja na PET, na ikifika kwenye joto la kuyeyushia PET inaungua, inatoa asidi na kuacha madoa meusi. Kiasi kidogo tu huharibu mzigo mzima. Ndiyo maana stika ya PVC hapana. Kwenye meza ya kuchambua angalieni kitako: PET ina kidoti katikati, PVC mara nyingi ina mstari uliokatiza kitako. Kunja: PVC hubaki na weupe kwenye mkunjo.

Cha pili, chupa zilizobadilishwa kazi: mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, maji ya betri. PET hufyonza harufu, sabuni haiitoi. Nuseni kila inayotia shaka, na iliyowekwa mafuta ya taa isipokelewe hata ikiwa na stika. Lipeni amana yake kama mnapenda amani, lakini itupwe kando. Chupa za wauza ukwaju na sharubati hazina neno, zisuuzwe tu. Zilizojaa vipisi vya sigara na mabaki ya mugoka zimwagwe pale pale dukani, zisipandishwe kwenye tuktuk.

Tatu, mchanga na maji. Hivi huongeza uzito, na mnunuzi anajua, basi hukata kwa kukisia, na kukisia kwake hakutawapendelea. Kifunikoni ndiko maji hufichwa. Fungua, mwaga, kanyaga. Vifuniko vikusanyeni kwenye gunia lake, HDPE ina mnunuzi. Vikibaki kwenye chupa si kosa kubwa kwa kuwa vinaelea, ila chupa iliyofungwa haibaniki, nayo hupasuka kwenye mashine kama fataki.

Nne, rangi. Nyeupe angavu peke yake, samawati hafifu peke yake, kijani na kahawia pamoja. Gunia lililochanganywa hulipwa kwa bei ya rangi duni kabisa iliyomo.

Nafasi: chupa 1,000 zisizobanwa hujaza kama mita moja ya ujazo kwa kilo 15 tu. Mkisafirisha hivyo mnabeba hewa mpaka Changamwe. Zikikanyagwa hubaki theluthi. Mashine ya marobota msinunue sasa. Kwa kilo 42 za wiki, robota moja la kilo 100 litawachukua zaidi ya wiki mbili kulijaza. Wekeni chini ya paa, kwani magunia ya sandarusi huoza kwa jua na kuchanika mkiyanyanyua. Mkifika kwenye marobota, fungeni kwa mkanda wa PET, maana waya wa kawaida hushika kutu haraka kwa chumvi ya pwani.

KikundiBamburi

Mashallah, shukran. La PVC hatukulijua, na stika tulizoagiziwa bei ni za "vinyl", tumezisimamisha. Makopo ya alumini tuyaweke pia? Na kibali?

MizaniSawa

Vinyl ndiyo PVC hiyo hiyo, mmeokoka.

Makopo ndiyo, baadaye. Kopo la 330 lina gramu 13 hivi na alumini hulipwa vizuri kuliko PET kwa kilo, lakini tayari wakusanyaji wanayaokota yote, hivyo faida ya amana kwake ni ndogo. Jaribuni kwa sumaku: likinasa ni chuma, liwekeni kando.

Kubeba taka kwa gari kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hapo tuktuk haisamehewi. Kaunti nayo ina ada zake kwa eneo la kuhifadhia. Viangalieni vile vibanda 9 kimoja kimoja: tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi, na mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari. Kibanda kilichomo ndani ya mpaka hakiwezi kupewa stika, kwa sababu chupa yenyewe hairuhusiwi pale.

Anzeni na maduka manne yanayofuatana barabara moja na stika 1,000. Wiki ya tatu hesabuni zilizotobolewa. Zikiwa chini ya 400, kaeni dukani jioni mtazame: mara nyingi muuzaji anabandika stika lakini hamwambii mteja, au mteja anarudi saa mbili usiku anaambiwa njoo kesho.