Naomba ushauri: tangazo la kifo la babu kwenye magazeti ya zamani nitalipata wapi?

Mjukuu_wa_Temeke
Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Niende kwenye mada. Natafuta tangazo la kifo cha babu mzaa baba. Babu alikuwa mtu wa Ludewa, ndani ndani huko, alifia kijijini na akazikwa huko huko. Tangazo lilitoka gazetini enzi za chama kimoja, nimekua nikisikia wazee wakijisifu kwamba "mzee alitangazwa mpaka gazetini". Magazeti ya miaka hiyo kwa hapa Dar yanapatikana wapi? Na ukilipata, mahakama inalipokea kama ushahidi wa kifo? Cheti hatuna. Kikao cha ukoo ni mwisho wa mwezi, mirathi nimebebeshwa mimi, na usingizi umenipaa. Naomba mnisaidie bila kejeli.

Dogo_Sinza
Bila kejeli humu ndani? Umekosea mlango mkuu.

MamaPili_Tabata
Pole mdogo wangu. Mirathi isikie tu kwa jirani. Baba mkwe alipofariki, mashemeji zangu waligombania jokofu. Jokofu bovu, halijawahi kugandisha hata barafu ya shilingi hamsini! Mpaka leo wawili hawasalimiani, harusi ya mwanangu mmoja alikaa kushoto mwingine kulia, na mshehereshaji alikuwa hajui, akawaita wote wawili mbele wakate keki. Ushauri wangu, uzeni mgawane mapema kabla shetani hajaingia.

Msoma_Makabrasha
Nijibu swali lenyewe. Anza na Maktaba Kuu ya Taifa, mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Ukikosa, nenda maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, kuna mkusanyiko wa Afrika Mashariki, ila beba barua ya utambulisho. Nyaraka za Taifa wako Upanga. Kwa enzi hizo za Kiswahili utakuwa unafunua zaidi Uhuru, lililoanza 1961, na Mzalendo la Jumapili, lililoanza 1972. Lakini bila mwaka na mwezi utafunua majalada mpaka uote mvi.

Nakuonya pia, usitafute ukurasa mzima wenye picha kama wa siku hizi. Tanzia za watu wa vijijini zilikuwa kiboksi kidogo, herufi za kubana macho, mara nyingi chini ya matangazo ya zabuni. Kwanza linakuja jina la anayetangaza na kazi yake mjini, ndipo jina la marehemu, kijiji, tarafa, na kama ni watu wa misheni basi na S.L.P. ya misheni. Halafu sehemu ninayoipenda mimi: "habari ziwafikie" fulani wa Bandari, fulani wa mashamba ya mkonge, fulani wa kiwanda cha sukari Kilombero, fulani jeshini. Ukoo mzima uliotawanyika kutafuta riziki unaukuta kwenye mistari sita. Wanawake wengi hawana majina humo, ni "mke wa" na "mama wa".

Sasa sema: alifariki mwaka gani, na nani alilipia tangazo?

Mzee_wa_Posta
Marahaba vijana. Mimi nilikuwa karani wa posta wilayani, tangu kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977. Msiba haukuanzia gazetini. Ulianzia dirishani kwangu. Mtu anakuja vumbi mpaka kwenye kope, ametembea tangu alfajiri, anataka telegramu iende Dar. Telegramu unalipia kwa neno, kwa hiyo tunakaa wote wawili tunapunguza. Anaanza na hadithi nzima, tunaishia BABA MGONJWA SANA NJOO. Ninajua amekufa, na yeye anajua ninajua. Lakini huwezi kumwandikia mtu "amekufa" akiwa peke yake Dar na safari ya basi ya siku mbili mbele yake. Mwenye kuipokea naye akiona "sana" anaanza kukopa nauli ya msiba.

Baada ya hapo inakuja redio. Matangazo ya vifo ya RTD yalipoanza kijiji kizima kinanyamaza, hata walevi. Gazeti lilikuwa la mwisho, likifika huko kwetu matanga yameshaanuliwa. Aliyetoa tanzia gazetini alikuwa anataka ndugu wa mbali wajue, au anataka watu wa mjini waone kwamba na yeye ana baba.

Dogo_Sinza
Mzee wangu umenikumbusha, mimi nilitumiwa "bibi mgonjwa sana" kwa simu ya mkononi, nikakopa, nikafika, bibi yuko jikoni anapika kande. Walikuwa wananitaka tu nyumbani.

Wakili_wa_Kijiweni
Mtoa mada, gazeti si cheti. Kifo ambacho hakikusajiliwa ndani ya siku 30 kinasajiliwa kwa kuchelewa, ulizeni RITA au ofisi ya mkuu wa wilaya kilikotokea. Kama babu alikuwa Mkatoliki, parokia ina kitabu cha wafu, kwa upande wa Ludewa unaweza kuanzia Lugarawa. Pale utapata jina, siku na padri aliyezika. Mirathi yenyewe, kama ni ya kimila, fungueni Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo.

Ila nina swali. Njia rahisi ziko zote hizo, wewe unang'ang'ania gazeti. Anayetafuta tarehe huenda parokiani. Anayetafuta gazeti, mara nyingi anatafuta majina. Nani hayupo kwenye orodha yenu?

Mjukuu_wa_Temeke
Asanteni wote, hasa mzee wa posta, nimesoma mara mbili. Wakili, hakuna cha majina. Tarehe tunayo: 1979. Baba mkubwa na shangazi wameshakula kiapo kwamba mzee alifariki 1979. Mimi nataka kujiridhisha tu.

Binti_Pangani
Kujiridhisha na nini kaka yangu, na wazee wameshaapa? Kuna mtu kajitokeza, ama?

MamaPili_Tabata
Swali hilo. Na kinachogawanywa ni nini hasa? Ludewa huko huendi mahakamani kwa ajili ya mahindi.

Mjukuu_wa_Temeke
Sawa, niweke wazi maana naona mnanizunguka.

Kuna nyumba Temeke, ya vyumba sita, uwanja kwa nyuma. Babu alianza kama manamba kwenye mkonge Muheza, baadaye akaja Dar akawa kuli bandarini, akajenga. Alirudi kijijini akiwa mgonjwa. Nyumba tumeitunza sisi, kodi ya ardhi tumelipa sisi, bati tumebadilisha sisi.

Mwaka jana akatokea mama mmoja wa Muheza, anasema ni binti wa babu. Amezaliwa 1981. Hesabu mnaiona wenyewe: mzee kafa 1979, mtoto kazaliwa 1981. Wazee wakamwambia hivyo hivyo, akaondoka, hakutukana wala nini. Mnunuzi amepatikana, arbuni tumeshapokea na sehemu imelipia ada za watoto. Kwa hiyo msiniambie habari za kusimamisha. Na hata angekuwa binti wa kweli, nimeambiwa ukomo wa madai ya ardhi ni miaka 12. Imepita zamani.

Wakili_wa_Kijiweni
Sheria ya Ukomo inasema 12 kweli, na kwa ardhi ya marehemu hesabu huanzia siku ya kifo. Lakini ukomo ni hoja ya kujitetea ukishashtakiwa. Haukupi ruhusa ya kuapa mwaka wa uongo. Hiyo ni jinai, tena jina lako ndilo litakuwa juu ya fomu.

Na mmepokea arbuni ya nyumba ya marehemu kabla ya kuwa na msimamizi? Nani ametia saini kama muuzaji?

MamaPili_Tabata
Nafuta ushauri wangu wa kuuza mapema.

Mwana_wa_Mkonge
Mimi ni mjukuu wa manamba, Mbena wa Korogwe. Hadithi hizi ziko kila kambi. Mzee ana mke bara, mkataba unaisha, harudi, anapata mama mwingine kambini. Akifa, tanzia inaandikwa na watoto wa upande mmoja. Upande wa pili wanasikia mwaka unaofuata kutoka kwa dereva wa lori. Huyo mama wa Muheza mpeni hata chumba kimoja.

Mjukuu_wa_Temeke
Chumba kimoja cha nyumba iliyouzwa? Wengine mnajibu kama vile nyumba ni yenu.

Na si kwamba sina kitu kabisa. Kipande cha tangazo ninacho. Kilikuwa ndani ya Biblia ya bibi mzaa baba, nimekikuta baada ya yeye kufariki. Nakinakili, majina nimeficha:

"Bw. — wa Bandari, Dar es Salaam, anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, Mzee —, kilichotokea tarehe 9 mwezi huu kijijini kwake, Ludewa, Mkoa wa Njombe. Mazishi yamekwisha fanyika. Habari ziwafikie Bi. — wa Songea, Bw. — wa Kilombero, na"

Hapo pamekatwa. Siyo kuchanika, pamekatwa kwa wembe, pamenyooka. Ndiyo maana nataka gazeti zima.

Binti_Pangani
Na... nani? Bibi alijua. Ee Mungu wangu, bibi alijua.

Kichwa_Ngumu
Samahani wakuu, naomba mnipishe. MKOA WA NJOMBE? Mkoa wa Njombe umeanzishwa 2012, pamoja na Geita, Simiyu na Katavi. Kabla ya hapo Ludewa ilikuwa mkoa wa Iringa. Gazeti la 1979 limejuaje? Hii ni chai, tena ya maziwa. Na kama siyo chai ni kibaya zaidi: jamaa anataka kujua tanzia za zamani zilikaaje ili akachapishe yake uchochoroni Kariakoo. Angalieni swali lake la kwanza: "mahakama inalipokea?" Na Msoma_Makabrasha amempa muundo wote mpaka S.L.P. ya misheni!

Dogo_Sinza
Duh. Mwandishi wa tanzia alikuwa nabii.

Mwana_wa_Mkonge
Na mimi nimeshamwaga hadithi ya ukoo wangu hapa. Kumbe tunapigwa kamba.

MamaPili_Tabata
Mtoa mada jibu. Mimi jokofu langu lilikuwa la kweli.

Msoma_Makabrasha
Hata mimi nimeshtuka, ila tusikimbilie. Neno "mwezi huu" bila kutaja mwezi wala mwaka ni la tanzia za zamani hasa. Mtu wa kughushi angeweka tarehe kamili, kwa sababu tarehe ndiyo anayoihitaji. Mtoa mada, weka picha.

Mjukuu_wa_Temeke
Mkoa nimeuandika mimi! Kwenye kipande ni "Ludewa, Iringa". Nimeandika Njombe ili vijana wa leo mjue ni wapi. Yaani mtu anaomba msaada anageuzwa tapeli.

Mbele ya kipande siweki picha, kuna majina ya watu. Naweka upande wa nyuma, muone karatasi ilivyo ya manjano, na doa la mafuta ya taa pembeni. Nendeni mkachapishe hiyo Kariakoo kama mnaweza.

*[picha]*

Kichwa_Ngumu
Karatasi naona ni ya kweli. Hapo natulia.

Mzee_wa_Posta
Kijana, nimevaa miwani nikaikuza picha. Nyuma kuna vipande vya habari nyingine. Nasoma "Waziri Mkuu Sok", pamekatika. Mstari wa chini "wahujumu uchumi", kisha "baraza maa", pamekatika tena. Wengine mnaona ni uchafu tu wa gazeti. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka watu wakitupa sukari na vitenge porini usiku, wakiogopa kukamatwa navyo. Jirani yangu alifukia marobota ya khanga chini ya banda la kuku. Hiyo ni 1983. Msako wa Sokoine ulianza mwezi wa tatu.

Mjukuu_wa_Temeke
Shikamoo mzee. Kwa heshima, Sokoine alikuwa Waziri Mkuu tangu 1977. Kwa hiyo hata 1979 inaingia vizuri tu.

Msoma_Makabrasha
Alikuwa, mpaka 1980. Akaja Msuya, Sokoine akarudi Februari 1983. Jina peke yake lingeweza kuwa la 1979, hilo nakupa. Baraza la kusikiliza kesi za wahujumu ndilo halikuwepo 1979, limekuja na sheria ya 1983. Naye Sokoine alifariki Aprili 12, 1984. Basi tafuta kati ya hapo: omba majalada ya Uhuru kuanzia Machi 1983 mpaka Aprili 1984. Tangazo linasema tarehe 9 "mwezi huu", kwa hiyo anza na gazeti la tarehe 10 la kila mwezi ushuke nalo hadi mwisho wa mwezi. Kurasa za ndani. Siku moja inatosha ukiwahi asubuhi.

Binti_Pangani
1983. Na yeye kazaliwa 1981.

Wakili_wa_Kijiweni
Kiapo kama bado hakijapokelewa mahakamani, ondoeni kimyakimya mle kingine. Mnunuzi mwambieni ukweli, arbuni irudi au asubiri msimamizi ateuliwe. Na yule mama aitwe kwenye kikao. Akikataliwa, akataliwe akiwa amekaa pale.

Mjukuu_wa_Temeke
Ninyi mnaongea kirahisi. Arbuni irudi kutoka wapi? Shangazi ana presha, nimwambie aliapa uongo? Labda alisahau mwaka, ni mtu mzima. Kipande chenyewe hakina jina la gazeti, mtu anaweza kusema chochote.

Kichwa_Ngumu
Nilikuita tapeli, ukaleta ushahidi. Sasa ushahidi wako mwenyewe unaukataa?

Mjukuu_wa_Temeke
Wasimamizi wa jukwaa, naomba uzi huu ufutwe. Kuna ndugu zangu wamo humu.

Dogo_Sinza
Mmoja yuko Muheza, ama?

Kichwa_Ngumu
Nimeshaupiga picha wote.