Wamemfuta mpwa wangu kwa kosa la uzio! Waamuzi wa baiskeli Kisumu, mnahukumu kitendo au mnahukumu damu?

Wadau wa baiskeli, hasa mlio Kisumu, Kakamega na Nakuru, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Leo ni siku ya nane na bado nikilala naisikia ile sauti ya kipaza sauti: "Namba arobaini na moja amefutwa. Amesababisha ajali." Namba 41 ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka 19. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha na mimi ndiye fundi wa baiskeli yake, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia naegemea upande. Naegemea, ndiyo. Lakini kibandani kwangu nina gurudumu ambalo ushahidi wake ni mzito kuliko maneno yangu, nitalifikia.

Kwanza mjue ilivyokuwa. Mbio zilitoka Kisumu kwa barabara ya Kibos hadi Miwani na kurudi, mara mbili. Anayeijua njia hiyo anajua: trela za miwa, mabua yaliyodondoka barabarani, matuta yasiyo na rangi. Walioanza walikuwa wengi, waliorudi pamoja kwenye kundi la mbele ni kama 18. Kijana wangu alitulia humo siku nzima. Hakukaa mbele kumkatia mtu yeyote upepo, alikaa nyuma ya magurudumu ya wenzake akinywa maji yake na kungoja, kama nilivyomwelekeza, kwa sababu nguvu yake ni ya mita 200 za mwisho.

Sasa hizo mita 200. Upande wa kulia pikipiki za boda zilikuwa zimeegeshwa ndani ya lami, abiria wamekaa juu wakitazama. Upande wa kushoto waandalizi walipanga vile vipande vya uzio wa chuma vya kuazima, vile vinavyowekwa kwenye mikutano ya hadhara, na kila kipande kina miguu miwili iliyotokeza barabarani. Nilipima mguu mmoja kwa mkono wangu kabla ya mbio: shibiri moja na vidole vinne ndani ya lami. Nikamwendea mmoja wa waandalizi asubuhi hiyo hiyo nikamwambia, "Ndugu, vuteni huu uzio nyuma, hii miguu itamwangusha mtu." Akanijibu, "Mzee, hayo waambie watu wa usalama." Nikawatafuta watu wa usalama. Nikaambiwa wameenda chai.

Kundi lilipofika, kijana wangu alikuwa wa tano, upande wa kushoto. Aliinuka kwenye pedali akafyatuka. Aliyekuwa mbele yake aliyumba kidogo kukwepa pikipiki, wakapitana bila kugusana. Nyuma yake kulikuwa na kijana mwingine, mwenye jezi nyekundu, hodari sana, na huyo aliona upenyo kati ya mpwa wangu na uzio. Akauingia. Gurudumu lake la mbele likapiga mguu wa uzio, baiskeli ikasimama papo hapo, yeye akaruka juu ya usukani. Wawili wakamwangukia. Mlio wa chuma kwenye lami hausahauliki. Mtulinga wake umevunjika.

Mpwa wangu alivuka utepe akiwa wa pili. Hakujua hata kwamba kuna mtu chini mpaka alipogeuka. Aliacha baiskeli yake barabarani akarudi mbio kwa miguu, na viatu vile vya chuma, kumshika mwenzake kichwa.

Dakika kumi hazikupita, akafutwa.

Nikawauliza waamuzi: mmetumia nini? Wakanionyesha simu ya mtu aliyekuwa amesimama ng'ambo ya utepe akirekodi wanaokuja. Jameni, hili naomba tulizungumze polepole kwa sababu ndilo shina la ugonjwa wote. Ukirekodi watu wakikujia usoni, umbali wa mbele na nyuma unapotea. Wawili walioachana urefu wa baiskeli nzima wanaonekana wamebanana mabega. Aliyesogea shibiri moja anaonekana amekata barabara yote. Ndiyo maana kwenye mbio kubwa kuna kamera ya mbele na kuna ya helikopta inayotazama kutoka juu, na hata wakiwa na zote mbili bado wanabishana. Hapa kwetu simu moja, mkono unatetemeka, na hukumu ikatoka.

Mjomba mtu nikasema, sawa, tunakata rufaa. Nikaambiwa ada ni shilingi 5,000, taslimu, ndani ya nusu saa. Karatasi ya kanuni tuliyopewa asubuhi haikuwa na neno moja kuhusu rufaa wala ada. Nilikuwa na 3,200. Nilipiga simu kwa watu watatu. Nilipopata salio, muda ulikuwa umepita kwa dakika sita na mwamuzi mkuu ameshaingia garini. Zawadi ya nafasi ya pili ilikuwa 15,000, na mpwa wangu alishampangia mama yake mfuko wa unga na karo ya mdogo wake.

Sasa wapo walioniambia, "Mzee, hata Ulaya mtu akisababisha ajali anafukuzwa." Nawajibu hao hapa, kwa sababu wanaitaja Ulaya bila kujua Ulaya yenyewe ilivyowaka kwa jambo hili hili.

Kanuni ya shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, inakataza mwendeshaji kuhama njia aliyoichagua alipoanza mbio za mwisho na kwa kuhama huko kuwahatarisha wengine. Kosa ni kuhama na kuhatarisha. Mtu kuanguka au kutoanguka si sehemu ya kosa. Mwaka 2010 kwenye Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa zinazokwenda kwa hatua, kila siku hatua moja, Mark Renshaw alimpiga Julian Dean kwa kichwa wakikimbilia utepe. Hakuna aliyeanguka, na bado alitimuliwa mashindanoni. Mwaka 2024 kwenye Tour hiyo hiyo, pale Dijon, Jasper Philipsen alishushwa nafasi kwa kumbana Wout van Aert kwenye uzio. Van Aert hakuanguka. Kitendo kilitazamwa, kikahukumiwa. Hapo sina neno.

Lakini mkumbuke Vittel, kwenye Tour hiyo hiyo, tarehe 4 Julai 2017. Peter Sagan, bingwa wa dunia, alikuwa ameshinda hatua ya jana yake pale Longwy. Jezi ya kijani, ile ya mwenye alama nyingi zaidi, alikuwa ameivaa hadi mwisho miaka mitano mfululizo, 2012 hadi 2016, na akiipata ya sita anamfikia Mjerumani Erik Zabel. Mark Cavendish akajaribu kupita kati ya Sagan na uzio, akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Kila mtu aliona kiwiko cha Sagan kimetoka nje. Waamuzi kwanza walimshusha hadi nafasi ya 115 na kumkata alama 80. Jioni hiyo hiyo wakabadilika: aende nyumbani kabisa. Je, baina ya adhabu ya kwanza na ya pili kiwiko kiliongezeka urefu? Kitendo kilikuwa kile kile. Kilichoongezeka ni kelele na picha za Cavendish akiwa amefungwa mkono. Watu wakazitazama picha za pembe nyingine na wengi wakasema Cavendish alikuwa tayari anaanguka kile kiwiko kilipotoka. Timu ikaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ombi la kumrudisha likakataliwa, mbio zikaendelea bila yeye na jezi ya kijani ikachukuliwa na Michael Matthews.

Halafu Desemba mwaka huo huo, miezi mitano baadaye, UCI na timu yake wakaifunga kesi kwa kukubaliana kwamba lile lilikuwa tukio la bahati mbaya lisilokusudiwa. UCI wakatangaza kuongeza mwamuzi wa kusaidia kutazama video kuanzia 2018. Vizuri. Na ile Julai nani aliirudisha? Sagan alikuwa na mkataba mnono na akaja kuishinda jezi hiyo tena 2018 na 2019. Kijana wa Kibos akifutwa, mfadhili wa pekee aliyekuwa anamtazama siku hiyo anaondoka na gari lake na hapigi simu tena.

Na mtu asinitajie Katowice akidhani ananifunga mdomo. Katowice naijua na inaniuma. Tarehe 5 Agosti 2020, hatua ya kwanza ya Tour ya Poland, Dylan Groenewegen alihama njia yake waziwazi akamfunga Fabio Jakobsen kwenye uzio. Jakobsen aliwekwa kwenye usingizi wa dawa, uso ukashonwa, meno karibu yote yakaenda. Groenewegen alikosea, alikiri, aliomba msamaha, akafungiwa miezi tisa. Haki ilitendeka kwake. Lakini pale watu walikuwa wanamaliza kwa mteremko, kwa kasi ya kama kilomita 80 kwa saa, na waendeshaji walikuwa wamelalamika kuhusu mteremko huo kabla. Mwendeshaji alibeba miezi tisa mgongoni. Aliyechora utepe mwisho wa mteremko alibeba nini?

Hilo ndilo swali langu kwa waandalizi wa Kisumu. Mwendeshaji anahukumiwa kwa sekunde mbili alizofanya akiwa amechoka, moyo unataka kupasuka. Aliyepanga uzio alikuwa na asubuhi nzima, tena akaonywa. Tangu mwaka 2025 kwenye mbio za UCI kuna kadi za njano, mbili kwenye shindano moja unatolewa na kufungiwa siku saba, na kadi hiyo inaweza kumfikia hata dereva wa gari la timu au wa pikipiki ya wapiga picha. Sisi tumechukua ukali tu wa wenzetu, tena ukali wa kumwelekea mtoto peke yake.

Sasa gurudumu. Jumatano baba yake yule kijana wa jezi nyekundu alikuja kibandani kwangu, hakujua mimi ni nani kwa mpwa wangu. Alileta gurudumu la mbele ninyooshe. Nililishika nikanyamaza. Rimu imeingia ndani mahali pamoja tu, kama iliyopigwa nyundo, spoku tatu zimelegea hapo, na kwenye lile bonde kuna rangi ya manjano iliyoganda pamoja na kutu. Uzio ule ulikuwa wa manjano. Nikaitoa baiskeli ya mpwa wangu nikaigeuza chini juu mbele ya mzee huyo. Tairi la nyuma halina mkwaruzo. Pedali ya kushoto haina. Ncha ya usukani, ule mpira wake mweupe niliouweka mwenyewe wiki moja kabla, mweupe vile vile. Baiskeli mbili zikigusana kwa kasi ile lazima moja imwachie mwenzake alama. Miaka 22 nafanya kazi hii.

Mzee akakaa kwenye kigoda. Akaniambia, "Basi twende ukamsikie mwenyewe." Tukaenda hospitalini jioni, mpwa wangu akiwa nasi amebeba machungwa. Yule kijana mkono uko kwenye kitambaa, akatutazama akasema, "Mzee, hakunigusa. Mimi niliona nafasi nikaingia. Huo mguu wa uzio sikuuona." Mpwa wangu hakusema kitu, alikaa ukingoni mwa kitanda akimenya chungwa. Wawili hao wote wana picha ya Biniam Girmay ukutani kwao, Mweritrea aliyeshinda Torino tarehe 1 Julai 2024 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, kisha akaibeba jezi ya kijani hadi mwisho. Wanaamini njia ipo.

Nimewapelekea waandalizi ujumbe mara nne. Nataka mambo matatu tu: jina lake lirudishwe kwenye matokeo, uamuzi utolewe kwa maandishi wenye sababu, na waseme nani aliidhinisha ule uzio. Hela wakitaka wakae nazo.

NYONGEZA, Jumatatu usiku: Nimesoma majibu yenu. Kwa anayesema "hizi ni mbio za mtaani, unalinganishaje na Tour": mtulinga wa Kibos unavunjika kama wa Vittel, na matibabu yake analipa baba mwenye ng'ombe mmoja. Kwa anayesema mpwa wangu angeangalia nyuma kabla ya kufyatuka: kanuni inamtaka ashike njia yake, na aliishika. Ukigeuza kichwa kwa kasi ile ndipo unapoyumba.

Gurudumu sijalinyoosha. Baba mtu ameniruhusu nilitundike kibandani lilivyo, na mwamuzi yeyote akitaka kulitazama nitampa kiti. Kuna dada alikuwa kwenye baraza ya ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea, amevaa leso ya bluu, alikuwa anarekodi kwa simu kutoka juu kundi lilipokuwa linakuja. Wawili wamenithibitishia walimwona. Dada, kama unasoma hapa, au kama kuna anayekujua, tafadhali usiifute hiyo video. Niandikie humu.