Leseni yangu inasema 7.65, boksi la risasi linasema .32 AUTO. Naomba ushauri kabla ya ukaguzi

Kinyerezi Juu:
Habari za jioni wakuu. Namiliki bastola kihalali, leseni ninayo na ada nalipa. Wiki ijayo natakiwa nipeleke silaha na risasi kituoni zikaguliwe. Jana usiku nafungua sefu, ndio nashtuka: leseni imeandikwa 7.65 mm, boksi limeandikwa .32 AUTO. Hakuna popote palipoandikwa 7.65. Usingizi umekata. Ile Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 sio ya kuchezea. Wakisema nimekutwa na risasi za silaha nyingine je?

Bint Temeke:
Pole kaka. Ila bastola nyumbani ya nini? Shemeji yangu alikuwa nayo, siku watoto wakaikuta kabatini. Dada hakutulia mpaka iliporudishwa polisi. Wewe una watoto?

Mzee wa Ilala:
Kijana, tulia. .32 AUTO, .32 ACP, 7.65 Browning, yote majina ya risasi moja. Wamarekani wanapima kwa inchi, Ulaya kwa milimita. Ya kuchunga ni 7.65 Parabellum, ile ganda lake lina urefu wa milimita 21 wakati la kwako ni 17, haziingiliani. Kwa hiyo tatizo ni leseni kuandikwa "7.65" tupu. Omba waongeze neno Browning. Wenye bastola za milimita tisa ndio wana balaa zaidi: Kurz ni tisa (boksi lake linaweza kuandikwa .380), Makarov ni tisa, Luger ni tisa, na kila moja ina silaha yake. Ule uhakiki wa Dar wa 2016, ambao hata Rais Magufuli alihakiki za kwake, nilipanga foleni na shotigani yangu. Askari alisoma namba ya silaha, akasoma leseni, akahesabu risasi moja moja. Risiti ya hilo boksi unayo?

Kinyerezi Juu:
Shikamoo mzee wangu, na asante. Risiti ipo. Ila nina nyingine, kwenye kitako zimeandikwa 7,65 Br. Si bora nipeleke hizo? Zinaendana na leseni moja kwa moja.

Mzee wa Ilala:
Marahaba. Hizo nyingine umezitoa wapi?

Feri Kwanza:
Kaziokota chini ya mbuyu 😂😂

Kinyerezi Juu:
Basi niseme. Ni za marehemu mjomba. Bastola yake ilirudishwa polisi baada ya msiba, lakini mkewe alikuja kukuta risasi kwenye mkebe wa biskuti, akanipa mimi kwa kuwa ndiye mwenye leseni kwenye ukoo. Nimeshazipanga kwenye boksi langu. Sijaiba, sijanunua magendo, na maandishi yake ndiyo ya leseni yangu. Kosa liko wapi?

Kisutu Asubuhi:
Kosa ni kwamba kwa jina lako hazipo popote. Leseni ya marehemu hairithiwi, na mjane hana mamlaka ya kugawa risasi, hata kwa mwenye leseni. Maandishi ya kitakoni yanaonyesha aina ya risasi tu, hayaonyeshi mwenye mali. Na kuzichanganya umeharibu zaidi: boksi lina jina moja, vitako vina jina jingine, idadi inapishana na risiti. Mkaguzi akigeuza risasi moja tu, maswali yanaanza, na itaonekana umeficha.

Sinza Mori:
Wakuu, hii chai. Mtu ana leseni halafu hajui risasi ya bastola yake? Mara boksi, mara mkebe, mara mjomba. Kesho ataleta babu.

Feri Kwanza:
Chai ya tangawizi kabisa. Leta vitafunwa.

Kinyerezi Juu:
Mkuu Sinza, mimi nina presha hapa, sina muda wa kutunga. Ziko mezani mbele yangu. Kitakoni S&B (alama ya kiwanda), halafu 7,65 Br., na baadhi zimeota kutu ya kijani pale risasi inapoingia kwenye ganda. Kama ni kesi, bora nikazitupe baharini usiku yaishe.

Mzee wa Ilala:
Kutu ya kijani hapo shingoni, huyu hatungi. Zenye kutu usithubutu kuzitia kwenye silaha. Na baharini usitupe, watoto wa wavuvi wataziokota.

Kisutu Asubuhi:
Zitenge leo, zifungie peke yake. Usizibebe kwenda popote. Tafuta wakili, kisha nenda naye na mke wa mjomba kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) mkatoe taarifa, wao ndio watasema zifikishwe vipi. Mkizikabidhi, usiondoke bila karatasi yenye mhuri na idadi. Mwaka 2022 serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Ulishapita, lakini anayekuja mwenyewe hasikilizwi sawa na aliyekutwa nazo.

Kinyerezi Juu:
Kitabu cha leseni cha mjomba kiko Morogoro kwa mwanawe. Nikisubiri kifike, ukaguzi utanikuta. Niende bila hicho?

Kisutu Asubuhi:
Nenda bila hicho, kitafuata. Ila uende kabla ya siku ya ukaguzi, sio siku yenyewe.