Naombeni ushauri: tangi la choo la kufichwa ukutani

Kitasa: Wakuu, habari za jioni. Nakarabati bafu, nataka lile tangi la choo linalozama ukutani, nje kinabaki kitufe tu. Kariakoo nimeona ya kila bei, mengine yana fremu ya chuma, mengine tangi tupu. Nichukue lipi? Fundi vigae anaanza kesho, usingizi sipati.

Ngosha: Vigae kesho, unauliza leo usiku. Tangu msingi ulikuwa wapi?

Fundi Bomba Mbezi: Sinki la choo ni la kuning'inia ukutani au la kusimama chini? La kuning'inia lazima fremu, zile nzuri zinabeba hadi kilo 400. Na ukuta ni tofali la inchi ngapi? Tangi la kawaida linakula kama sentimita 12. Inchi 6 ni sentimita 15, ukichonga hapo umebakiza ganda. Bora ujenge kaukuta kafupi mbele yake, juu utapata na pa kuweka sabuni.

Mama Abdul: Mimi ndoo na kata. Mwaka wa ngapi huu, sijawahi kuita fundi.

Mzee wa Kigamboni: Kwetu maji ya kisima, chumvi tupu. Valvu iliganda, maji yakatiririka sinkini usiku kucha, asubuhi simtanki kavu. Fundi akaja na nyundo abomoe ukuta! Nikamwambia weka chini hiyo. Ndiye huyo huyo aliyekula kianzio cha geti langu, nikaja kumkuta harusini kavaa suti...

Fundi Bomba Mbezi: Mzee, hakuna kubomoa. Valvu, koki, vyote vinatolewa kupitia tundu la kitufe. Kitasa, hujanijibu. Na kitufe unacho? Kila kampuni na chake, cha Grohe hakikai kwenye Geberit.

Kitasa: Basi niseme tu. Tangi ninalo tayari. Ni la mtumba, limetoka kwenye hoteli iliyobomolewa. Kitufe hakikuwepo na lebo imebanduka. Lakini plastiki yake nzito, na aliyeniuzia ni mtu wa dini. Ukuta pia umeshachongwa.

Ngosha: Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuombewa dua.

Ustadhi Mpole: Muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa hana baraka. Mrudishie, akupe chako.

Kitasa: Hakuficha, Ustadhi. Alisema vitufe vimejaa mjini.

Shangazi Kaja: Hii chai. Huyu Kitasa mwezi uliopita alilia humu kwamba mwenye nyumba Sinza kamkatia umeme. Mpangaji anachonga ukuta wa nani?

Ngosha: Muuza vitufe huyo. Subirini namba ya simu.

Mzee wa Kigamboni: Nami nimeshamwaga siri zangu zote hapa!

Kitasa: Nimepanga, ndiyo. Bafu ni la mama mkwe, Muheza. Magoti yanamsumbua, nikasikia sinki la kuning'inia unalipandisha kimo unachotaka. Mke wangu anajua tangi ni jipya.

Shangazi Kaja: Mmh. Chai imeongezwa tangawizi.

Fundi Bomba Mbezi: Chai au si chai, najibu. La kuning'inia usiliweke bila fremu, mama ataanguka. Tangi lako lina vyuma viwili vya nati vinavyotokeza mbele?

Kitasa: Vipo. Vina kutu kidogo.

Fundi Bomba Mbezi: Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Ni sentimita 18 au 23, na matundu ya sinki lazima yalingane. Piga picha ya tundu la kitufe kwa karibu, pengine tutaitambua kampuni. Halafu jaza maji, liache wazi usiku mzima uone kama linavuja. Fundi vigae asiguse kitu kesho.

Kitasa: Keshapanda basi la Tanga.

Mama Abdul: Akirudi na atuletee machungwa ya Muheza.