Boti ya shemeji, jimbo la Washington: niliyekulia Ukerewe nami nahitaji kadi ya boti?

Mkerewe wa Kent:
Habari za humu wakuu. Shemeji yangu kanunua boti ya alumini iliyotumika, futi 17, mashine Yamaha HP 40. Jumamosi tunataka kuishusha bustani ya Gene Coulon pale Renton, tuingie Lake Washington na watoto. Yeye anadai kadi ya elimu ya boti inamhusu mwenye boti tu, tena yeye kasamehewa kwa kuwa ndiyo kwanza kanunua. Ila atakayeshika mashine ni mimi, maana shemeji ni mtu wa Dodoma, maji kayajulia bombani.

Mimi ni wa 1979, nimekulia kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, nimevusha watu na mizigo kwenda kisiwa cha Ukara tangu kijana. Uzoefu huo hauhesabiki? Na majaketi okozi je? Wangu ana miaka 8, wa shemeji 14. Mwezi wa nane tunafikiria kuipeleka Portland kwa binamu, mto Columbia.

Mzee wa Kilindini:
Karibu kaka. Nimefanya kazi za bahari Mombasa kabla ya kuja huku, kwa hiyo swali lako nalijua kwa undani.

Uzoefu wa nyumbani hauhesabiki. Jimbo la Washington linataka kila anayeendesha boti ya HP 15 kwenda juu awe na kadi ya elimu ya boti, isipokuwa waliozaliwa kabla ya 1 Januari 1955. Wewe wa 1979 umo. Sheria ilipitishwa 2005, ikaingizwa hatua kwa hatua kwa kufuata umri mpaka 2014. Shemeji hajakosea sana: aliyenunua boti hupewa siku 60, mradi hati ya mauziano iwe mle botini. Lakini nafuu hiyo ni ya mnunuzi, haikufuati wewe kwenye usukani.

Njia moja ya halali kwa Jumamosi: mwenye kadi, umri miaka 16 au zaidi, akae nawe akusimamie. Unaye? Kama huna, soma. Kozi zinafanyika mtandaoni, ipo hata ya bure, kisha unalipa dola 10 kwa idara ya mbuga za jimbo. Kadi haina kuisha muda. Ukikamatwa huna, ukapeleka mahakamani ndani ya siku 60 uthibitisho kwamba umeipata, faini inafutwa.

Sasa usiidharau hiyo kozi kwa sababu ya Ukara. Mimi niliifungua kwa kiburi, nikakutana na maboya. Kwetu Mombasa, Dar, Unguja, ukiingia bandarini kutoka baharini boya jekundu unaliacha kushoto. Bara zima la Amerika ni kinyume, jekundu linakuwa kulia kwako. Nahodha mzuri wa kwetu akifuata mazoea huku atapanda mwamba mchana kweupe. Nani angekwambia hilo kando ya ziwa?

Majaketi: boti iliyo chini ya futi 19 ikiwa inakwenda, mtoto wa miaka 12 kushuka lazima avae. Huyo wa 8 avae. Wa 14 sheria inataka liwepo la saizi yake, ila mimi kwangu asiyevaa haondoki gatini.

Mama Tukwila:
Mzee shikamoo. Naongezea baridi, maana watu wetu wanayachukulia maji ya hapa kama Victoria. Puget Sound, mkono wa bahari wa hapa kwetu, inacheza kwenye nyuzi 10 hivi za selsiasi hata jua likiwaka. Ukitumbukia, pumzi inakuvuta ghafla bila kutaka, na mikono inakufa ganzi kabla hujafika kwenye boti. Kujua kuogelea hakukusaidii hapo. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani za 2023: vifo 564 vya boti za starehe, robo tatu kwa kuzama, na katika waliozama 87 kwa mia hawakuvaa jaketi. Wanaume wa humu wanaosema jaketi linawabana, mmesikia.

Na bia muiache nyumbani kwa anayeendesha. Kiwango cha kilevi kwenye damu ni 0.08 kama cha gari, na adhabu hufika siku 364 ndani na faini ya dola 5,000.

Mswahili wa Mobile:
Kila jimbo na lake jamani. Huku Alabama, tulioanza mapema tangu 1994, ruhusa ya boti inaandikwa kwenye leseni ya gari, herufi V. Oregon ndugu Mkerewe ni kali kuliko kwenu: kuanzia zaidi ya HP 10, umri wowote, hata babu wa 1940. Kadi ya Washington wanaikubali kwa mgeni, kwa hiyo pata hiyo kwanza.

Mkerewe wa Kent:
Asanteni sana, Mzee shikamoo. Jumamosi tumeiahirisha, nimeshaanza kozi usiku huu. La mwisho: karibu na shetri kuna kibati cha njano kimeandikwa watu 6 na uzito wa pauni. Sisi ni wakubwa watano na watoto wawili. Watoto si nusu nusu?

Mzee wa Kilindini:
Si nusu. Sita ni sita, na huo uzito unahesabu mashine na mizigo pia. Ni chombo kidogo, na sheria ya hapa inakataza kukipakia kupita uwezo wake. Wewe wa Ukara unakikumbuka kivuko cha MV Nyerere kilichozama 2018 kwa kujaza kupita uwezo, sina haja ya kukueleza. Fanyeni zamu, mmoja abaki bustanini na kuku wa kuchoma.

Mkerewe wa Kent:
Atabaki shemeji.