Gumzo la ukoo: Abuu na kigugumizi

Saida: Shikamoo shangazi. Abuu leo kakwama kwenye "kikombe" mpaka akasema "kile cha kunywea chai". Mimi humwambia avute pumzi, aseme polepole. Nafanya sawa?

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Hiyo "vuta pumzi" iache leo hii. Unamwongezea kazi: asukume neno, huku akijichunga asikuudhi. Na kikombe hakukisahau, amelikwepa neno. Jina lake mwenyewe huweza kumtaabisha zaidi, maana halina mbadala.

Mjomba Hamisi: Mjue mnachokisikia. Kuna kurudia, "ki-ki-ki-kikombe". Kuna kuvuta, "sssssukari". Na kuna kukwama kabisa: mdomo uko tayari, shingo imekaza, sauti haitoki. Hapo watu hudhani kamaliza, wanamkatiza.

Saida: Akikwama hivyo nifanyeje?

Shangazi Rukia: Mtazame kama kawaida, usikodoe macho wala usigeukie simu. Subiri. Sekunde 3 utaziona kama dakika nzima, lakini ni 3 tu. Usimmalizie neno hata kama unalijua. Akimaliza, jibu alichosema, si alivyokisema. Na kabla hujajibu, hesabu moja kimoyomoyo, kisha sema taratibu. Ukipunguza mwendo wewe, naye haoni haja ya kukimbizana.

Bibi: Huku wenzangu wanasema akatwe kimeo, au ashtuliwe.

Shangazi Rukia: Shikamoo mama. Hapana, tafadhali. Kimeo hakihusiki kabisa, mtoto atatoka damu na kupata maambukizi bure. Kumshtua ni kumtia hofu tu. Kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, kinatokana na ubongo unavyoendesha usemi, na hutembea kwenye ukoo. Watoto wengi huwaacha chenyewe. Abuu ana miaka 9 na bado kipo, kwa hiyo hospitali ya rufaa waulizeni watu wa masikio, pua na koo wawaelekeze kwa mtaalamu wa tiba ya usemi.

Bibi: Marahaba. Basi kimeo tumekiacha. Nitamwombea dua ya Nabii Musa, ile ya fundo la ulimi.

Shangazi Rukia: Mwombee mama, ila si mbele ya wageni.

Omari: Mbona kwenye kaswida hakwami hata kidogo? Nilidhani anajifanya.

Mjomba Hamisi: Hajifanyi. Kuimba hulegeza, na kusoma kwa sauti pamoja na mwenzake vilevile. Akichoka au akigombea nafasi ya kusema, kinazidi. Nyie wanne mezani mnasemeana juu. Wekeni zamu: mwenye upawa mkononi ndiye anayesema. Iwe sheria ya wote, asijione katengewa yake. Na wewe Omari, kila siku dakika 5 kaa naye wawili tu. Mchezo achague yeye, maswali yawe machache.

Omari: Na wanaomwigiza njiani?

Shangazi Rukia: Usipigane. Sema "Msubirini, anaongea", basi. Na dukani usimsemee, isipokuwa akuombe mwenyewe.

Saida: Kuitika majina ya mahudhurio darasani kunamtesa. Nizungumze na mwalimu?

Mjomba Hamisi: Mwalimu anaweza kumruhusu anyooshe mkono tu badala ya kuitika. Lakini muulize Abuu kwanza kama anataka. Si mezani.

Saida: Nitamuuliza kesho asubuhi tukienda kununua maandazi.